Mkunjo wa Umri wa Mikorosho

Mimi nikishajua kitu kidogo, sisemeki. Ndivyo nilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa karani wa takwimu katika kikundi kidogo cha utafiti wa korosho pale Nachingwea. Nilikuwa nimefundishwa kuchora mkunjo kwa kompyuta: huulazimishi mstari unyooke, unauacha upinde wenyewe kuzifuata namba. Mvua inapata mkunjo wake, salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ukungu wake, umri wa mti wake, kisha yote inajumlishwa kukisia mavuno. Jamani, nilijiona profesa!

Mkunjo wa umri ulipanda vizuri, halafu kwenye miaka kumi na tano ukaporomoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, yaani mti ukifika hapo hauzai tena cha maana. Sikujiuliza mara mbili. Nikapanda pikipiki hadi Malolo, Ruangwa, kwa bibi mmoja mjane aliyenipikia ugali kila nilipopita kuandika mavuno yake. Alikuwa na mikorosho ishirini ya miaka kumi na saba, aliyoipanda kwa mkono wake, na hakuwa na kingine cha kumlisha.

"Bibi, ikate yote, upande mipya," nikamwambia, karatasi mkononi.

"Nimesikia, mjukuu wangu," akasema, akanisogezea maji ya kunawa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Naipingo, kwa mzee aliyehamia na familia yake kutoka Msumbiji. Mikorosho yake nilikuwa nimeiandika miaka kumi na tano. Siku hiyo, kwa utani tu, nikajaribu kuukumbatia mmoja. Mikono haikukutana, wala haikukaribia.

"Mzee, huu kweli ni wa miaka kumi na tano?"

"Ndiyo. Tangu tuvuke Ruvuma."

"Nani aliupanda?"

"Nitajuaje? Tuliukuta hapa, mkubwa hivi hivi."

Loh! Nikazunguka kuwauliza na wengine. Kumbe wahamiaji wengi wa Naipingo na Marambo walihesabu umri wa mti tangu siku walipoupata. Miti iliyozeeka na kuchoka ilikuwa imeingia kwenye namba zangu kama vijana, ikauvuta mkunjo chini, na mimi nimemwambia bibi wa watu akate miti inayozaa!

Niliendesha hadi Malolo nikijitukana njia nzima. Nikamkuta uani ameshika shoka, anapasua kuni. Nikapiga yowe hata kabla ya shikamoo: "Bibi, usikate! Nimekosea mimi!"

"Marahaba," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikaihesabu mikorosho mara mbili. Ishirini, yote imesimama. Nikamuuliza mbona hakunisikiliza.

"Siku ile uliponiambia nikate, hukuinua macho kuutazama hata mti mmoja," akasema. "Shamba zima lina maua, wewe unatazama karatasi."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kisha nikaenda kuitazama, mmoja mmoja, na yeye akanifuata nyuma akicheka.