Tyubu Nyepesi Kuliko Zote

Jirani yangu haingii duka la baiskeli bila mizani ya jikoni ya mkewe, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Tyubu za kawaida hazitazami. Hizo, anasema, ni za kubebea magunia. Yeye hupanda milima, kwa hiyo anataka zile nyembamba ambazo bei yake huulizwa kwa sauti ya chini. Kila moja huiweka mizanini kwa ncha za vidole, kisha hubana pumzi isije ikaongeza gramu.

“Bwana, zote zimetoka boksi moja,” mwenye duka humwambia.

“Mlimani zinatofautiana, ndugu yangu.”

Jana alipata mbili zilizomridhisha. Akalipa, akazifunga kwenye baiskeli yake palepale, hata vile vifuniko vidogo vya pa kujazia upepo akamwachia mwenye duka: mzigo wa nini? Kisha akajitwika begani mnyororo wa geti na kufuli lake, alivyokuja navyo vya kufungia baiskeli, maana tyubu za bei ile haziachwi nje hivi hivi. Mwenye duka akamsogezea mizani.

“Na huo tuupime?”

“Wa nini? Huo haubebwi na baiskeli,” akasema huku akipanda. “Naubeba mimi.”