Ng'ombe Ambao Babu Hakuwahesabu

Waandishi wa riwaya za kihistoria tuna wivu kama wake wenza. Kila mmoja ana enzi yake na hataki mwingine aikanyage. Rafiki yangu wa Makindu ameandika riwaya tatu kuhusu ujenzi wa reli, na ukimtajia reli tu anakutazama kana kwamba umemwibia jembe. Mwingine hajatoka kwenye misafara ya pembe za ndovu tangu tujuane. Mimi nilishikwa na miaka ya thelathini, na wote wawili wakanicheka. Walisema hiyo ni miaka isiyo na shujaa, ni nzige na kiangazi na karani mwenye kofia. Niliwaambia wangoje waone.

Sikuwaambia sababu yangu. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na mimi ndiye niliyepewa. Jina lenyewe ni zuri, ila lilikuja na mzigo. Miaka hiyo ya thelathini serikali ya kikoloni ilisema Wakamba tuna ng'ombe wengi mno, wanamaliza udongo, lazima wapunguzwe. Mabwana wake wakaanza kuzunguka boma kwa boma. Wazee walikuwa wamekwisha kuwatawanya ng'ombe wao, wengine malishoni huko chini Kiboko, wengine kwa marafiki upande wa Kitui, ng'ambo ya mto. Bwana akifika bomani anakuta ng'ombe wachache na wazee walionyamaza. Inasemwa kwamba wote walinyamaza isipokuwa babu yangu. Yeye alisimama mbele ya bwana akawahesabu ng'ombe wake wote, wa karibu na wa mbali.

Kwetu mifugo haikuwa inahesabiwa. Ukiihesabu unaiitia mauti. Na baada ya babu, karani alipita kwa majirani akiwaambia, "Mwenzenu amesema, nanyi semeni," na ng'ombe wa kijiji kizima wakachukuliwa na serikali. Tangu siku hiyo sisi tukaitwa nyumba ya mhesabu. Nilipokuwa shuleni, mwalimu akiuliza swali la hesabu, darasa zima linanigeukia na kucheka. Niliwachukia, na babu nilimchukia zaidi, ingawa alikufa kabla sijazaliwa.

Nilipostaafu ualimu niliapa kuiandika riwaya hiyo hata kama itanimaliza. Nilikwenda Nairobi kwenye hifadhi ya nyaraka, nikakaa huko siku kumi na mbili nikila mandazi na chai, mpaka nikalipata faili. Lilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu boma letu: idadi, na maelezo kwamba imetolewa na mwenye mifugo mwenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyeokota ushahidi wa kumfunga adui yake. Nikarudi nyumbani nikaandika miaka miwili. Sura kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya babu kusimama bomani, kidole juu, akihesabu ng'ombe mmoja mmoja mbele ya majirani wanaotetemeka. Mhariri aliisoma akasema ndiyo sura bora niliyowahi kuandika. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi kumletea mswada mzima.

Lakini nina desturi moja ya kazi. Mswada hautoki kwangu kabla sijamsomea mtu aliyeishi katika miaka ninayoiandika. Safari hii mtu huyo alikuwa shangazi yangu, mtoto wa babu aliyebaki peke yake, anayeishi mbele kidogo ya Mbumbuni. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alichambua ndengu kwa vidole, na jiwe halikumpita. Alisikiliza kwa Kiswahili chake alichojifunzia Makindu akiwauzia abiria wa treni mayai ya kuchemsha. Mimi aliniita baba, kwa kuwa jina langu ni la baba yake, na hakuna siku aliyosahau.

Baba huyo, yaani mimi, hakuonewa huruma. "Hiyo sufuria umetoa wapi? Sisi tulikuwa na chungu." Nafuta sufuria. "Huyo msichana amevaa nini? Kitambaa? Kitambaa ya nani?" Nafuta kitambaa. Jioni narudi nyumbani na kurasa zilizochorwa kalamu nyekundu kila mahali, nami niliyewachorea watoto wa watu kalamu nyekundu kwa miaka thelathini na mitatu sasa naonja dawa yangu.

Siku ya sura ile kubwa nilisoma kwa sauti ya kanisani. Nilipofika kwenye kidole cha babu, vidole vya shangazi vikasimama juu ya ungo.

"Nani alihesabu?"

"Babu."

"Wewe ulimwona?"

"Shangazi, kila mtu huku anajua."

"Nauliza wewe. Ulimwona?"

"Imo kwenye faili ya serikali."

"Faili!" akasema. "Faili ndio ilikuwa inakamua ng'ombe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema nifunge makaratasi yangu nikae vizuri.

"Baba hakuhesabu," akasema. "Ni mimi nilisema."

Alikuwa msichana wa miaka minane au tisa hivi. Bwana na babu walikuwa wamesimama upande mmoja wa boma wakibishana kupitia kwa mkalimani, na babu hakutoa neno la maana. Karani akaja akachutama karibu na shangazi aliyekuwa akiosha vibuyu vya maziwa. Alikuwa kijana mcheshi, anajua Kikamba. Akamuuliza ni ng'ombe gani anayependa kumkamua. Shangazi akamwambia. Na mama wa huyo ng'ombe ni yupi? Akamwambia. Na dada zake?

"Hakuna aliyeniuliza kitu mbele ya hapo," shangazi alisema. "Nilikuwa msichana. Na mimi zile ng'ombe nazijua zote, hata zile ziko Kiboko, hata zile ziko Kitui kwa rafiki ya baba. Najua rangi, najua pembe, najua nani alizaa nani. Nilisikia raha, baba. Nilisema kama naimba."

Hakuhesabu hata mmoja. Alitaja tu. Karani ndiye aliyekuwa akichora vijistari kwenye daftari lake juu ya goti. Shangazi alipoinua macho akauona uso wa babu upande wa pili wa boma, akajua. Bwana aliposomewa idadi akauliza nani ameitoa. Karani akaanza kunyoosha mkono kumwonyesha shangazi, na babu akasema kwa sauti iliyosikika kwa majirani, "Ni mimi."

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini alikaa kimya miaka yote hiyo huku sisi tukiitwa tulivyoitwa.

"Alinikataza. Alisema nani ataoa msichana amemaliza ng'ombe ya kijiji? Nikaolewa. Nikazaa. Halafu baba akakufa, na nikaona nikisema nitamfanya muongo kaburini." Akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Lakini leo wewe unasoma, na jina ni lako. Andika tena. Andika ni mimi. Na uandike haraka, sina miaka mingi."

Nilimwambia watu watamsema. "Waseme," akasema. "Watanirudisha kwa wazazi?"

Kesho yake nilimpigia mhariri simu nikamwambia sura imekufa. Alipiga kelele. Alisema mzee msaliti ana nguvu, msichana anayetaja majina ya ng'ombe hana. Rafiki yangu wa Makindu naye akanishauri niache ilivyo, hii ni riwaya, si mahakama. Nikamwambia yeye akae na reli yake. Mwisho wa mwezi ulipita bila mswada, na mwezi uliofuata pia. Nilikuwa nimeshaapa kwamba shangazi atausikia ukweli ukisomwa akiwa hai, na mambo mengine yote yangesubiri.

Nilirudi kwake na daftari. Akachukua ndengu, na kwa kila ng'ombe akaweka punje moja kwenye ungo mtupu. Mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Binti yake, mweusi mtupu. Yule wa kijivu aliyempiga teke mke mdogo wa babu. Mwekundu mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni. Nikaandika mpaka mkono ukauma. Alipomaliza nikainama juu ya ungo, na kidole changu, kidole cha mwalimu, kikaanza kupita juu ya punje. Akakisikia kikigusa ungo, akanichapa kofi mkononi.

"Wewe tena!"

Katika riwaya yangu hakuna idadi. Niliifuta hata pale nilipokuwa nimeinakili kutoka kwenye faili. Msomaji akitaka kujua ng'ombe walikuwa wangapi, atamsikia msichana akiwataja kwa kurasa sita, na akianza kuhesabu shauri yake.

Nilimsomea sura mpya miezi minne baadaye, asubuhi, jua likiwa bado halijakaza. Alikuwa amedhoofika na amejifunika blanketi, lakini alitaka ungo. Nilipotaja ng'ombe akaweka punje. Nilipofika kwa babu na maneno yake mawili, akasema, "Eeh. Hivyo ndivyo." Alilia, nami nikalia, wala sikuona haya.

Halafu nikaona kwamba kiganjani mwake bado kuna punje moja.

"Shangazi, nimeruka mmoja?"

"Hujaruka. Huyo sikumtaja hata siku ile. Niliona uso wa baba, nikafunga mdomo."

Ng'ombe huyo alikuwa Kitui, kwa rafiki ya babu. Bwana hakumjua, karani hakumjua. Wengine wote walipoondoka, huyo aliletwa nyumbani, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea baba yangu, aliyezaliwa mwaka uliofuata. Nilishika kalamu nikamwomba aniambie. Akaniambia rangi yake, pembe zake, mama yake na watoto wake wote. Kisha akanishika mkono wenye kalamu.

"Huyo usiandike, baba."

Akairudisha punje ile kwenye gunia la ndengu pamoja na nyingine. Kitabu kilitoka, shangazi akakishika mikononi, na leo hayupo. Ng'ombe wote wamo humo isipokuwa huyo. Namjua mpaka kwato, na hapa pia sitamtaja.