Hodi ya Tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa kaka yangu kanuni.

Hospitali walishatuambia ni skizofrenia, akaanza vidonge. Lakini bado alisikia watu wakibisha hodi nyumbani kwetu Mitwero, mchana kweupe. Akitoka anakuta uwanja mtupu, mchanga umefagiwa, hauna hata unyayo. Mimi ni mtu wa kurudia kufunga kitasa mpaka niridhike. Nilikuwa nimesoma kwenye simu wiki nzima, nikajiona daktari. Nikamwambia: mgeni wa kweli hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Usiitikie mpaka usikie ya tatu.

Siku ya nne aliniita dirishani, akinong'ona.

"Dogo, wamejifunza."

"Kina nani?"

"Wanahesabu sasa. Moja, mbili, tatu, halafu wanacheka. Wanatumia sauti yako."

Nilitazama nyuma yangu, naona aibu kusema, kuhakikisha sipo pale mlangoni.

Kuanzia hapo hakumwitikia mtu yeyote. Aliegemeza gunia la korosho kwenye mlango wa chumba chake. Siku mbili hakula, hakumeza dawa. Nilisimama nje nikimthibitishia, hoja baada ya hoja, kwamba hakuna mtu. Kila nilivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kunyamaza. Kumbe kila neno langu lilimfikia kwa sauti ileile iliyokuwa ikimcheka.

Mama akaja na kikombe cha uji.

"Hebu nipishe, profesa wa simu."

Hakupiga hodi. Aliketi chini, mgongo mlangoni.

"Mwanangu, wanasemaje leo?"

Akajibu kutoka ndani: "Wanasema umetia salfa ya kupulizia mikorosho kwenye uji."

"Mimi siwasikii. Ila najua unaogopa. Chungulia, natoa sumu."

Akanywa mafunda mawili, kama anavyomfanyia mgeni yeyote anayempa kinywaji. Jicho moja lilionekana kwenye ufa wa mlango, likamtazama hadi alipomeza. Tukasikia gunia likiburuzwa.

Kaka alikunywa uji, na vidonge juu yake.

Siku hizi sauti zimepungua, hazijaisha. Sibishani nazo tena. Nikimpelekea chakula naonja kwanza mbele yake, namuuliza wanasemaje, naye ananiambia.