Fundi Cherehani na Picha 412 za Angani

Saa saba mchana, cherehani ya mlangoni imenyamaza. Fundi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, anasukuma kando sare za shule zisizo na vifungo, anafungua kompyuta kuukuu na kuiegemeza rula ya chuma kwenye kioo chake.

"Umeona? Juu mstari umegusa rula, chini umeachia nafasi ya uzi mmoja. Huu mstari umeinama."

Mstari huo ni picha ya mawimbi yaliyonaswa na darubini ya redio, mtambo mkubwa unaosikiliza anga. Maelfu ya watu wa kujitolea hupitia picha hizi wakitafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Mstari uliosimama wima mara nyingi ni kelele za mitambo yetu wenyewe. Ulioinama hutengwa utazamwe tena. Kila picha hupigiwa kura na watu kumi. Wengi wakisema kelele, imekwisha.

Kwa miaka mitatu, fundi amepitia picha elfu kumi na moja wakati wenzake wakila. Hajalipwa hata senti.

Mwezi uliopita akagundua kasoro. Wapiga kura wengi hutumia simu, na kwenye kioo cha simu picha hubanwa mbavu, mstari ulioinama kidogo ukaonekana umenyooka. Picha 412 alizozitenga yeye mwaka huu, wengi walizitupa.

Akawaandikia waratibu. Wakamjibu kwa ile adabu ya kumfungia mtu mlango: anapingana na wengi mno, kura zake hazitahesabiwa mpaka arudie mafunzo ya wanaoanza. Picha zenyewe zitafutwa Ijumaa hii.

Tabia hii ya kutomsikiliza aliyepima ina umri. Miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye kiwanda cha nguo alikoajiriwa, washonaji walisema meza ya kukatia imepinda. Wakaambiwa wakubwa wameshaikagua. Mashati yaliporudishwa, mkono mmoja mrefu mwingine mfupi, waliofukuzwa ni washonaji. Meza ilibaki.

"Siku ile ya kufukuzwa nilinyamaza," anasema. "Nilikuwa na mtoto mgongoni. Sasa mgongo ni wangu."

Mdogo wake, anayetia vifungo kando yake, anadakia. "Dada, hao wa huko juu wana mikono mingapi? Tusije tukapungukiwa kitambaa."

"Wewe tia vifungo. Wakija uchi utawavisha."

Hadai kwamba amewapata. "Huenda zote ni satelaiti. Sawa, ziitwe satelaiti. Lakini aziite mtu aliyezitazama."

Mafunzo aliyarudia: maswali thelathini, akapata yote. Kisha akaupiga picha mstari uleule kwenye simu na kwenye kompyuta, rula ikiwa juu yake, akatuma. Juzi mratibu mmoja akalegeza kamba: kila picha itakayoletewa ushahidi wa namna hiyo haitafutwa. Moja moja. Waliokosea ni maelfu. Anayetumwa kuthibitisha ni yeye peke yake.

Leo ni Jumatano. Ametuma 287.

"Bado mia na ishirini na tano," anasema mdogo wake, akiweka sindano chini. "Na sare je?"

"Shule inafunguliwa Jumatatu. Hawa wanafuta Ijumaa. Shika simu, usitikisike."

Anaishika kwa mikono miwili. "Haya, tukizimaliza hizi, utapumzika?"

Fundi hainui macho.

"Tukizimaliza hizi, tunaanza za mwaka jana."