Siku ya Kwanza ya Juma

Tangu kanisa lijengwe kule bondeni, sisi wa milimani tulikuwa watu wa kushuka na kupanda. Unashuka na njaa, unapanda na njaa, na katikati padre anakuhubiria uvivu. Uvivu! Mtu katoka kwake jogoo hajawika! Nilipouliza kwa nini yeye asipande huku mara moja moja, mwalimu wetu wa dini alicheka. "Mwenda bure si mkaa bure," akaniambia, "huenda akaokota."

Bibi yangu, mzaa mama, hakuwa na mdomo kama wangu. Alitaka kitu kimoja tu: abatizwe, ili akifa alazwe makaburi ya misheni, kando ya mama yangu. Asiyebatizwa hakuzikwa mle. Miguu ilikuwa imemwishia, basi akawaambia wajomba zangu wawili, "Nipelekeni wanangu, roho yangu itulie."

Mwalimu akaleta habari kwamba padre atabatiza wazee siku ya kwanza ya juma. Ni ipi hiyo? Jumamosi, jamani! Mosi si ndiyo moja? Wajomba wakamlaza bibi kwenye machela, wakaweka mti mabegani, tukateremka kwa utelezi, mimi nyuma na kikapu cha magimbi.

Tulikuta kanisa limefungwa. Mpishi wa misheni akatoka jikoni, akaitazama machela, akashika kiuno. "Loo, poleni. Kwa padre siku ya kwanza ni Jumapili. Ngojeni kesho."

Yaani pili ndiyo ya kwanza! Mwislamu mmoja wa mjini aliyekuwa akipita akatutania, "Sisi Ijumaa yetu haijatupotea hata mara moja." Hata bibi alicheka. Tukakaa barazani tukamenya magimbi.

Jua halijafika utosini, wakaja askari wa boma kutafuta wapagazi. Jumapili hawakukamata watu mbele ya padre, lakini Jumamosi haikuwa na mwenyewe. Wakawaona wajomba, mabega yamechubuka kwa mti wa machela.

"Hawa wanajua kubeba," mmoja akasema.

Bibi alimshika nguo. "Baba, hao ni wanangu. Ndio miguu yangu." Mpishi akarudi jikoni. Na mimi, na ulimi wangu wote huu, nilipiga kelele, na kelele hazifungui kamba. Kweli mwenda bure huenda akaokota, ila siku ile waliookota ni askari.

Kesho yake bibi akabatizwa. Padre alisikitika, akaenda kuuliza bomani, akaambiwa msafara umekwisha ondoka. Bibi tulimrudisha sisi wanawake, mimi na wenzangu wa milimani walioshuka kusali, mgongoni, kwa zamu.

Aliishi hadi mvua za vuli. Mbwa akibweka tu, anasema, "Ndio hao." Hawakuwa hao. Alipofariki, wanaume wenye nguvu walikuwa wamekimbilia msituni kuwakwepa askari, na kwetu wanawake hawabebi maiti. Wazee waliobaki wakachimba nyuma ya nyumba, wakikohoa na kupumzika. Tukamzika pale pale, rozari mkononi, mbali na mama yangu. Niliona uchungu, nikakosa hata wa kumgombeza.

Mwalimu alikuja kutupa pole. Akasema padre atamsomea bibi misa Jumapili, tena safari hii aliitamka polepole, Ju-ma-pi-li, tusikosee. Tushuke wote.

"Tushuke na nani?" nikamuuliza.