Sindano Iliyomsikia Koko

Juzi niliona picha ya mtambo wa zamani wa kupima matetemeko, harufu ya masizi ikanirudia. Nilipokuwa mtoto, mtambo kama huo ulionyeshwa ukumbini kwetu Clairwood, mtaa wa ugenini tulikohamia, na karatasi yake iliyopakwa masizi ilinuka kama jiko la Koko, bibi yangu aliyebaki Bukavu. Mwanafunzi Mkenya aliyeuendesha alituambia turuke, na sindano ikachora mawimbi!

“Inasikia mpaka Bukavu?” nikamwuliza.

“Hata mbali zaidi.”

Basi nikaruka kwa nguvu zangu zote ili nimsalimie Koko. Mama akavua viatu, akaruka pia. Tukatulia, tukingoja. Sindano ikacheza yenyewe.

“Koko amejibu!” nikapiga kelele.

Leo najua lilikuwa lori barabarani. Mama alilisikia likipita.

“Ruka tena, mbio!” akaniambia. “Koko iko anangoja!”