Mikono ya Meli Huko Landless

Ukiuliza nyumba ya Jeconia Obiero hapa Landless, mtaa wa Thika, hakuna atakayekutajia namba ya ploti. Utaambiwa tu utazame juu, mpaka uone mikono miwili ya chuma imetokeza kwenye paa la fleti kama mtu anayeomba kubebwa. Mikono hiyo nilimuuzia mimi, kwa hivyo habari zake nazijua, na hakuna atakayenisahihisha.

Jeconia alizaliwa upande wa Mbita, akakulia kando ya maji, lakini samaki hawakumpenda. Akashuka Mombasa, akapata kazi katika meli ya kubeba simiti. Hakuwa nahodha wala mpishi. Alikuwa mtu wa daviti. Daviti ndiyo hiyo mikono ya chuma inayokaa ubavuni mwa meli na kuning'iniza mashua ndogo ya kuokolea watu. Ukitaka mashua iende majini unaachia breki, ukitaka irudi unazungusha winchi. Meli ikianza kuzama, kila mtu analijua jina la mtu wa daviti. Siku nyingine zote anaitwa "wewe". Meli yao ilikataa kabisa kuzama, lakini sheria ilitaka mazoezi, basi kila wiki Jeconia alishusha mashua na kuipandisha, akawa fundi wa kuokoa watu wasio na shida.

Maggie, ambaye sasa ni mkewe, alikuwa amesafiri na watu wa kanisa lake la Makongeni kwenda kuona bahari. Aliiona, akasema imetosha, akarudi Thika na Jeconia. Huku Jeconia akapata kazi ya kuendesha foklifti katika kiwanda cha juisi kule Eneo la Viwanda. Alikuwa akisema foklifti ni daviti iliyokosa bahati. Kiwanda kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Maggie, ambaye anauza vitunguu na hana muda wa kuhurumia mtu, akamwambia apumzike kidogo halafu aje sokoni kubeba magunia. Jeconia akaomba apewe nafasi ya kutafuta kitu chake mwenyewe. Akapewa nafasi, si kubwa.

Sasa, mimi nauza vyuma vilivyotumika, kando ya barabara ya Garissa. Nilikuwa nimeenda Mombasa kununua pampu kutoka meli iliyokuwa ikivunjwa, na muuzaji akagoma kuniachia pampu bila kuchukua na ile mikono, nyaya zake, winchi na kulabu. Nikabeba yote. Pampu ziliisha haraka. Mikono ikakaa uani ikaota kutu. Mwenye bucha alikuja akifikiri itamfaa kuning'iniza ng'ombe, akaona ng'ombe atafika barabarani. Mchungaji mmoja akaona itafaa kengele, ila hakuwa na kengele. Ndipo Jeconia akaja, akisema anatafuta nati.

"Hii nayo ni ya nini?" akauliza, macho kando.

"Ni ya kuanikia nguo."

"Nguo za nani, za ndovu?"

Mtu asiyetaka kitu hakipapasi. Yeye alikuwa ameshika ile winchi kama daktari anayetafuta mshipa.

"Grisi ya hapa imepakwa na mtu mjinga," akasema.

"Nimepaka mimi."

"Si ndiyo nasema."

Sikukasirika. Mteja akianza kutukana mali, ujue ameshainunua moyoni. Tukavutana mpaka chai ya saa kumi, tukapatana. Akaniomba jambo moja: mradi wake ukianguka, nikichukue chuma tena kwa bei ya kilo. Nikakubali bila kufikiria, kwa sababu hapo mimi sikuwa na njia ya kupoteza.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Fleti anayokaa Jeconia ni ya Bwana Gichuru, mtu mnene, mkarimu wa maneno. Gichuru alipojenga, alikula ngazi ili apate chumba cha ziada kila orofa. Ngazi zikabaki nyembamba hivi kwamba yeye mwenyewe, anayeishi orofa ya tano, hupanda ubavu ubavu kama kaa. Sofa haipiti, kitanda hakipiti, friji inapita ikikubali kuacha mlango. Na fleti nyingi za huku zimejengwa na watu wenye akili kama hiyo. Mwisho wa mwezi, watu wakihama, unaona vijana wako kwenye balkoni wanavuta kabati kwa kamba, mwenye kabati yuko chini anaomba Mungu, na majirani wameleta viti. Jeconia alitaka kufunga mikono yake juu ya paa na kupandisha mali za watu kwa heshima.

Gichuru akampa masharti. Jumapili, mke wa Gichuru angetembelewa na akina mama wa kanisa, na sofa mpya, ya viti vitatu, yenye simba wa mbao kila upande, ilikuwa inakuja Jumamosi.

"Ukiifikisha juu bila mkwaruzo, hii kitu yako itakaa hapo," akasema. "Ikigusa ukuta, unaitoa, unapeleka kwa Kinuthia akauze misumari."

Kinuthia ni mimi. Maggie naye akasikia, akaenda kumtafutia mumewe gunia la kujitanda begani, asichubuke na mizigo.

Jumamosi asubuhi nilifika mapema na mizani yangu, nikaiacha kwenye pikapu ili nisimvunje mtu moyo. Nilimkuta Jeconia juu ya paa amevaa jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa, na filimbi shingoni. Mto Chania uko mbali kiasi. Chini, Calvince, mbebaji mizigo, naye alikuwa amevalishwa jaketi kama hilo na hakuwa na furaha.

"Kinuthia, hii ni ya nini?" Calvince akaniuliza. "Nikianguka nitaelea?"

"Utaonekana ulipo," nikamwambia.

Sofa ikafungwa kamba ncha zote mbili. Nikaziangalia kulabu, nikaona bado ni zile za meli. Kulabu hizo zina tabia: zikiwa na uzito, hazifunguki hata ukizipiga nyundo, lakini uzito ukitoka, zinajifungua zenyewe. Baharini ni jambo la busara, kwa kuwa mashua ikigusa maji inataka kuachiliwa haraka. Hapa nilikuwa na kulabu za kawaida ndani ya pikapu, na nilikuwa nimemwambia tangu juma lililopita.

"Jeco, nikuletee kulabu za watu?" nikapaza sauti.

"Kulabu ya mashua ni hii," akajibu kutoka juu. "Ile yako ni ya mbuzi."

"Na hii ni sofa."

"Kitu chochote kimening'inia kwa daviti ni mashua."

Mtu mzima akiamua, mwache aamue.

Ikazuka shida nyingine. Jeconia akasema mashua haipandi tupu. Lazima mtu akae ndani, aisukume mbali na ukuta kwa mguu. Calvince akasema yeye alizaliwa peke yake kwao na mama yake hajaandaa mwingine. Akavua jaketi. Mimi nikajifanya naangalia simu. Gichuru alitazama sofa, akatazama ukuta uliopakwa chokaa mbaya, akatazama mlango wa ngazi. Nadhani ni huo mlango uliomshinda.

"Leteni hilo jaketi," akasema.

Likamfunga nusu. Akaketi katikati ya sofa, magoti pamoja, kila mkono juu ya simba, na Jeconia akapiga filimbi. Winchi ikaanza kulia. Sofa ikainuka, nikashika kamba ya kuizuia isizunguke, na watu wa balkoni zote wakatoka. Orofa ya kwanza Gichuru alikuwa amefumba macho. Orofa ya pili alikuwa anasalimia watu. Alikuwa hajawahi kufika huko bila kutokwa jasho, na ilimkaa vizuri. Akavuka kidogo orofa ya tatu. Kama angeendelea hivyo, angefika, na hadithi ingeishia kwa chai.

Lakini orofa ya tatu anaishi Auma, anayekaanga samaki Makongeni, na kutoka kwa balkoni yake kulisikika kuku. Gichuru amekataza kuku. Tena Auma alikuwa amempigia simu muda mrefu kuhusu mfereji usiotoa maji, na Gichuru hakuwa anashika simu hiyo. Akaona hapa amepata cha kumjibu.

"Simama," akamwambia Jeconia.

Winchi ikanyamaza.

"Teremsha kidogo nione."

"Wacha tuende, Bwana Gichuru," nikaita kutoka chini.

"Atiriri, sikia, nyumba ni yangu. Teremsha."

Melini, mtu wa daviti anamtii aliye ndani ya mashua. Jeconia akateremsha. Gichuru akashika ukingo wa balkoni kwa mikono miwili, akajivuta, akachungulia. Miguu ya sofa ikakaa juu ya ukingo, polepole kama kuku anayetaga. Uzito ukatoka. Kulabu zikajifungua zote mbili kwa pamoja, kwa adabu, jinsi zilivyotengenezwa, na sofa ikateleza ndani ya balkoni ya Auma ikiwa na landilodi wake.

Kwanza walisikika kuku. Halafu Gichuru akasema, "Ngai."

Hakuumia. Sofa ilikuwa imejaza balkoni kama mkate ndani ya sufuria, hata mkwaruzo haikuwa nao. Shida ni kwamba mlango wa balkoni unafunguka kwa nje, kwa sababu Gichuru alipojenga hakutaka mlango upunguze nafasi ya ndani. Auma akausukuma, ukafunguka upana wa mkono, ukagota kwenye simba. Akatoa uso kwenye dirisha lenye vyuma.

"Yawa, landilodi," akasema. "Nimekutafuta mpaka nimechoka, kumbe unakuja na kiti chako."

"Mama Auma, hizi kuku ni za nani?"

"Hizo umekuja nazo."

"Fungua mlango nitoke."

"Unafunguka nje, baba. Uliutengeneza wewe."

Jogoo akapanda juu ya kichwa cha simba wa kulia. Gichuru akaomba maji ya kunywa. Auma akamletea kikombe kitupu, akakipitisha katikati ya vyuma, akamwelekeza mfereji ulipo.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria kilo. Nikapanda ngazi ubavu ubavu mpaka juu ya paa. Jeconia alikuwa ameketi kando ya winchi, jaketi limempanda mpaka masikioni.

"Pima tu," akaniambia. "Nimemaliza. Jumatatu nabeba vitunguu."

"Sofa imegusa ukuta?"

"Imegusa balkoni."

"Sofa imekwaruzika?"

Akafikiria. "Hapana."

"Inaweza kupita kwa mlango wa Auma?"

"Hata mlango haufunguki."

"Kwa ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Sasa niambie, kesho akina mama wa kanisa wataketi wapi, na nani mwingine Thika hii nzima anaweza kuitoa hapo?"

Nilimwona akielewa. Ilimwanzia kwenye jaketi, likashuka kutoka masikioni. Akainuka, akaenda ukingoni, akatazama chini. Mimi nilikaa nyuma, maana mali ikishakuwa yake, na bei iwe yake.

"Bwana Gichuru," akasema, "nimekuja kuaga. Nafungua daviti, Kinuthia anabeba."

"Unafungua nini? Nitoe hapa kwanza."

"Masharti yako ilikuwa nikigusa, nitoe. Mimi ni mtu wa masharti."

Jogoo akazungumza.

"Wacha ikae," Gichuru akasema.

"Mpaka lini?"

"Ikae tu."

"Na ile fleti unajenga Ruiru? Iko na ngazi?"

"Obiero, usiniletee Ruiru saa hii."

"Iko na ngazi kama za hapa?"

"Kidogo nyembamba kuliko hizi."

"Basi mwisho wa mwezi Ruiru ni mimi pia. Sema watu wasikie."

Gichuru akasema, na balkoni zote zikasikia. Kabla hajamaliza, Auma akapenyeza sauti dirishani kwamba yeye pia ana jambo, na kama hakuna fundi wa mfereji, atazizuia kulabu kwa ufagio zikiteremshwa. Gichuru akampigia fundi simu hapo hapo, na fundi akashika mlio wa kwanza, kitu ambacho Auma alikisema kwa muda mrefu baadaye.

Nikamletea Jeconia mpira wa tyubu. Hakusema neno kuhusu mbuzi. Akazifunga kulabu nyuma kwa mpira, zisipate mdomo wa kufunguka, akaziteremsha mpaka usoni mwa Gichuru.

"Funga ya mbele kwanza," akaamuru.

"Sofa iko na mbele?"

"Mbele ni upande wa Nairobi. Nyuma ni Garissa."

Gichuru akafunga Nairobi, akafunga Garissa, akavuta mara mbili kuhakikisha. Calvince, ambaye alikuwa amepata ujasiri wote sasa kwa kuwa hauhitajiki, alimwuliza Gichuru kama atateremka kwa ngazi ya zimamoto. Jeconia akazungusha winchi. Sofa ikatoka balkoni ikiwa na landilodi na kuku mmoja ambaye hakuwa wa mtu, ikapita orofa ya nne, na safari hii abiria hakusalimia mtu wala kuchungulia popote, ingawa orofa ya nne kulikuwa na mbuzi.

Jumapili akina mama waliketi, wakala, wakasifu simba. Jumatatu nilimwona Jeconia kwenye paa la Ruiru akipima kwa kamba, Gichuru kando yake ameshika ncha nyingine kama alivyoambiwa.